Dakika Zilizopotea Mbele ya Duka la Mikate

Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, Mkuu wa Huduma za Dharura aliingia kituo cha polisi, akalipita benchi la kusubiria kana kwamba liliwekwa kwa ajili ya watu wengine, akasimama mbele ya meza ya Inspekta.

"Afande, nimeibiwa."

"Pole sana. Umeibiwa nini?"

"Dakika kumi na mbili."

Konstebo aliyekuwa anaandika kitabu cha matukio aliinua kalamu, akaishusha tena. Hakujua mali ya namna hiyo inaandikwa safu ipi.

Inspekta hakucheka. Alikuwa mama mwenye sauti ya taratibu na miwani isiyokaa puani, na kituo kizima kilimwita Inspekta Mbona, maana neno hilo halikumkauka mdomoni. Wezi wazoefu walikuwa wakisema ni heri kufokewa na askari kumi kuliko kuulizwa "mbona" mara tatu na yule mama.

"Keti, Mkuu. Mbona unasema umeibiwa? Dakika huwa zinapotea tu zenyewe."

Mkuu akaketi, akaeleza. Jana yake, Jumatano, saa kumi na moja jioni, bibi mmoja mstaafu wa posta alibanwa na kifua nyumbani kwake, mtaa wa kilimani. Simu ikapigwa, gari la wagonjwa likatoka. Ramani mpya ya magari, ile inayopiga hesabu ya muda wa safari, ilisema dakika tisa. Gari likafika baada ya ishirini na moja. Bibi alipona, lakini daktari alisema wazi kwamba angecheleweshwa kidogo tu zaidi wangemzika. Sasa mwanawe ameshtaki.

"Huenda dereva alikuta foleni," alisema Inspekta.

"Foleni ipo ndani ya hesabu. Ndiyo sifa ya ramani hiyo. Huyu alisimama, afande! Kifaa cha gari kinaonyesha alisimama dakika nane nzima mbele ya duka la mikate, kisha akarudi nyuma na kuzunguka. Na mwenye duka unamjua ni nani? Mtalaka wake."

Konstebo akapiga mluzi mdogo, akajifanya anakohoa.

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anadai njia ilizibwa na nguzo za chuma. Leo alfajiri nimetuma mtu akaangalie. Hakuna nguzo. Na kampuni ya ramani imenithibitishia kwamba gari lao la vipimo lilipita hapo hapo jioni tano wiki iliyopita, saa ile ile. Gari lao lipite, langu likwame? Jumatatu saa tatu kikao kinakaa. Atafukuzwa kazi, leseni itachukuliwa, na faili litakuja kwako umpeleke mahakamani."

"Basi mimi nina hadi Jumatatu," alisema Inspekta, akaisukuma miwani yake juu.

Dereva huyo walimwita Breki, kwa sababu katika miaka yake yote kazini hakuwahi kugonga hata kuku. Inspekta na Konstebo walimkuta uani kwenye kituo cha magari ya wagonjwa akiosha gari ambalo alikuwa amekatazwa kuliendesha. Alisugua magurudumu kwa bidii ya mtu asiyetaka kutazamwa usoni. Pembeni yake alisimama muuguzi wa gari hilo, mke wa mdogo wake.

"Shikamoo, afande," alisema Breki.

"Marahaba, baba. Nieleze safari ya jana."

"Tumetoka hospitali, tumefuata ramani. Ikatuingiza mtaa wa duka la mikate. Katikati ya mtaa nikakuta nguzo mbili fupi, zimesimikwa barabarani, zina kufuli. Pikipiki inapita, mtu anapita, gari halipiti. Nikashuka, nikauliza ufunguo uko kwa nani. Wakasema kwa mwenye duka." Akaloweka sifongo. "Nikaenda. Akautafuta, hakuuona. Nikarudi kinyumenyume mtaa mzima."

"Mbona hukujua kama mtaa ule una nguzo? Wewe dereva wa mji huu."

Breki akaangalia sifongo mkononi. "Mtaa ule siupiti, afande. Tangu tuachane siupiti. Jana nimepita kwa sababu ramani imeamuru na mgonjwa alikuwa anasubiri."

Muuguzi akadakia. "Nguzo nimeziona kwa macho yangu mawili. Ila neno langu halihesabiwi. Wanasema shemeji atamtetea tu shemeji yake."

"Na kama ningekuwa simjui ningesema vile vile!" aliongeza, machozi yakimlengalenga. "Huyu ana watoto watatu wanaosoma, afande. Mbali na gari hajui kazi nyingine."

Inspekta hakuahidi kitu. Hakuwa mtu wa kuahidi. Lakini alipotoka pale alikuwa na huzuni, na alimwambia Konstebo hivyo bila kuzunguka.

Duka la mikate lilikuwa katikati ya mtaa mwembamba wa nyumba za ghorofa, nguo zimeanikwa juu, watoto wanacheza mpira chini. Mwenye duka, mwanamke mrefu mwenye unga hadi kwenye nyusi, alijibu maswali huku akipanga mikate rafuni.

"Ndiyo, alikuja. Ndiyo, tulizungumza."

"Mlizungumza nini?"

"Mambo."

"Mbona mambo yenyewe yalichukua dakika nane, na gari lina taa zinawaka?"

"Muulize yeye."

"Nguzo za barabarani unazijua?"

"Nguzo gani?" Mkate ukamponyoka, akauokota, akaurudisha rafuni, kisha akakumbuka umeanguka, akautoa tena.

Nje, Inspekta alitembea katikati ya barabara huku anaangalia chini, watoto wakamfuata wakidhani amepoteza kitu. Hatua chache kutoka dukani alichuchumaa. Palikuwa na mashimo mawili ya mviringo kwenye lami, yamejazwa mchanga. Lami yote ilikuwa imechafuka kwa vumbi na mafuta ya miaka, lakini mchanga ule ulikuwa mweupe, umetoka kumwagwa.

"Nguzo zilikuwepo!" alisema Konstebo. "Basi kesi imekwisha."

"Imekwisha wapi? Mashimo yanasema zilikuwepo siku moja. Hayasemi lini. Wakili yeyote atasema ziling'olewa mwezi uliopita, na ushahidi wake ni gari la vipimo lililopita wiki iliyopita. Mtaa mzima umefunga mdomo, na ramani ndiyo inayowafungia. Twende kwa wenye ramani."

Kampuni ya ramani ilikaa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Chumba kilikuwa kimoja kikubwa, skrini nyingi, waya chini ya meza, na kabati la chuma ambalo juu yake pamewekwa helmeti mbili za pikipiki, moja nyekundu na moja nyeusi. Walipokelewa na Mtaalamu wa hesabu, kijana nadhifu mwenye maneno ya kupangwa, na Mpimaji, ambaye kazi yake ni kuendesha gari la vipimo. Mpimaji alikuwa amevimba macho kwa kukosa usingizi.

"Zamani, afande," Mtaalamu alianza, na ilionekana anaipenda habari hiyo, "ramani ilikuwa inachukua urefu wa njia, inagawanya kwa mwendo unaoruhusiwa, basi. Kana kwamba barabara haina taa, haina shule, haina mtu anayesubiri nafasi ya kukata kona. Sisi tumeacha kubahatisha. Tunapima. Gari letu lina kinasa, kifaa kidogo hiki hapa, kinaandika gari lilipo kila sekunde. Tunapita njia moja siku kadhaa saa ile ile, tunachukua wastani. Tangu tuanze, magari ya wagonjwa yanafika karibu na muda tunaosema, popote mjini."

"Hongereni. Na kilimani?"

"Upande wa kilimani ndio wa mwisho. Tulikuwa tumeahidi kuumaliza Jumatatu hii, tukaumaliza." Akafungua skrini. Mistari ya buluu ikatokea, ikitoka hospitali, ikipita barabara kuu, ikiingia mtaa wa mikate na kutokea ng'ambo.

Inspekta akahesabu kwa kidole. "Mbona mistari minne? Mkuu ameniambia jioni tano."

"Mmoja programu imeutupa. Safari ikisimama muda mrefu mahali pamoja, programu inaona gari limeegeshwa, inaiweka kando ili isiharibu wastani."

"Nionyeshe mlichotupa."

Mtaalamu akasita, kisha akabonyeza. Mstari wa tano ulikuwa kama mingine, ila kwenye barabara kuu, chini ya daraja la juu, ulisimama dakika ishirini na mbili. Kisha ukaendelea hadi mtaa wa mikate, ukapita.

"Siku gani hiyo?"

"Alhamisi iliyopita."

"Nani aliendesha?"

"Kinasa kimesajiliwa kwa jina langu," alisema Mpimaji, haraka mno. "Mimi."

"Mbona ulisimama chini ya daraja?"

"Nili... nilipigiwa simu."

"Dakika ishirini na mbili?"

"Alikuwa ni mama."

Hapo simu ya Mtaalamu ikalia. Alipoona jina alisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Shikamoo baba... Ndiyo baba... Wamekufa wangapi? Wawili tu? Basi afadhali, baba. Tunashukuru." Akakata, akakuta askari wawili wanamtazama.

"Poleni na msiba," alisema Inspekta.

"Ahsante. Ni... ni mambo ya ukweni."

Kabla ya kuondoka Inspekta aliomba kuliona gari la vipimo. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya jengo, dogo, jeupe, limeoshwa likang'aa. Alifungua mlango wa nyuma, akainama ndani, akapiga chafya. Akapiga tena. Akapiga ya tatu. Kwenye mkanda wa kiti palikuwa pamenasa unyoya mdogo wa kahawia, na katika mfereji wa mlango, punje chache za chakula cha kuku.

"Hili gari unalifuga au unaliendesha?" alimuuliza Mpimaji.

Mpimaji alishangaa kwelikweli. "Mimi niliacha gari safi, afande."

"Uliacha lini?"

Mpimaji akafumba mdomo kama mtu aliyeuma ulimi.

Ijumaa jioni, saa kumi na moja, Inspekta na Konstebo walifuata njia ile ile wenyewe kwa gari la polisi, bila king'ora. Walipofika barabara kuu foleni ikawameza. Wakasogea, wakasimama. Wakasogea kidogo, wakasimama tena. Konstebo, ambaye mguu ulikuwa umemchoka kwa klachi, alianza kulalamika.

Inspekta alikuwa ameshika simu yenye ile mistari minne. "Niambie kitu. Tangu tuingie barabara hii tumesimama mara ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu, afande."

"Hawa wamepita hapa jioni nne, saa hii hii. Hawakusimama hata mara moja. Wanapunguza mwendo, wanaongeza, wanapunguza. Hawasimami."

"Labda wana bahati."

"Bahati jioni nne?"

Mvua ikaanza. Ilikuwa ya manyunyu, kisha ikamwagika kwelikweli. Walipofika chini ya daraja la juu njia ilikuwa imebanwa hata kupita hapapitiki, maana waendesha pikipiki walikuwa wamejazana pale, wamezima injini, wanajikung'uta maji na kusubiri.

"Tazama hawa," Konstebo alifoka. "Tone moja tu la mvua wamehamia chini ya daraja. Sisi wenye magari tunaendelea na safari, wao..."

Akanyamaza mwenyewe. Wakatazamana. Inspekta Mbona alicheka hadi miwani ikaanguka mapajani.

"Alhamisi iliyopita mvua ilinyesha jioni," alisema. "Mimi nakumbuka, nilikuwa nimeanika blanketi."

"Pikipiki!" alisema Konstebo. "Kinasa kilikuwa juu ya pikipiki! Ndiyo maana hakisimami kwenye foleni, ndiyo maana kinapita katikati ya nguzo. Afande, ni Mpimaji. Ile helmeti nyekundu ni yake, nilimwona akiichukua!"

"Na nyeusi ni ya nani?"



Jumamosi asubuhi walimkuta Mpimaji kwake, amembeba mtoto mchanga begani. Nepi zilikuwa zimeanikwa kwenye kila kiti.

"Hongera, baba. Amezaliwa lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Na mama yake alitoka hospitali lini?"

"Jumamosi. Alifanyiwa upasuaji, afande, hali haikuwa nzuri, mimi nililala naye..." Akasimama. Alikuwa amejijibu mwenyewe.

"Mbona basi unasema wiki hiyo ulikuwa unapima kilimani?"

Mpimaji akaketi juu ya nepi. "Sikuwa na likizo, afande. Nikaambiwa nenda kamwangalie mkeo, kazi itafanyika, jina lako litabaki kazini. Nikaacha kinasa na funguo za gari. Mtu amekutendea wema mkubwa namna hiyo utamchomaje?"

"Aliyekutendea wema amekuachia kesi. Kinasa kina jina lako. Na kuna dereva mwingine mwenye watoto watatu, Jumatatu anapoteza kazi kwa ajili ya wema huo huo."

Mpimaji akamtazama mwanawe muda mrefu. "Sikujua kama imefika huko," alisema. Kisha akasema yote aliyoyajua.

Kilichobaki kilikuwa mdomo wa mwenye duka. Mchana ule Inspekta alinunua mkate, akaula pale pale dukani akiwa amesimama, hana haraka.

"Mtalaka wako Jumatatu anafukuzwa."

"Nimesikia."

"Mnachukiana sana?"

"Hatuchukiani!" Mwanamke akaacha kukanda. "Tulishindwana tu. Yule si mtu mbaya, afande. Ni baba wa wanangu."

"Sasa mbona unamwacha azame?"

Mwanamke akajifuta mikono, unga ukazidi kuenea. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa amechoka kuficha. Nguzo ziliwekwa na wakazi wenyewe, alisema, bila kibali cha mtu, baada ya lori kuikanyaga baiskeli ya mtoto. Asubuhi zinang'olewa ili gari la unga liingie, kuanzia mchana zinasimikwa na kufungwa. Ufunguo ulikaa kwake. Jumatano alipofuatwa aliutafuta kila mahali, akimsikia mwanamume yule anavyohema mlangoni, na hakuuona. Aliuona saa moja baadaye ndani ya pipa la unga. Usiku ule ule habari za bibi wa posta zilipofika, mtaa mzima uliogopa jela. Wakang'oa nguzo, wakaficha.

"Na wiki iliyopita jioni zilikuwepo?"

"Kila jioni. Naapa kwa wanangu."

"Ziko wapi sasa?"

"Chini ya kitanda changu."

Inspekta akamaliza mkate wake. "Kesho saa kumi zitoe. Tutazihitaji."

Jumapili saa kumi jioni mtaa wa mikate ulikuwa umejaa kuliko siku ya harusi. Nguzo mbili zilikuwa zimerudi kwenye mashimo yake, zimefungwa kufuli. Mkuu wa Huduma za Dharura alikuwepo, mikono nyuma. Breki na muuguzi walisimama ukutani, mwenye duka mlangoni pake, Mpimaji karibu na Konstebo. Mtaalamu alikuja na gari la vipimo, maana Inspekta alimwomba alilete, na akaliegesha mbele ya nguzo.

"Hizi nguzo ni za leo," alisema kabla hajaulizwa. "Wiki iliyopita hazikuwepo."

"Wakazi kumi na mmoja wamesema zilikuwepo kila jioni, na wametia sahihi huku wakijua wanajishtaki wenyewe," alijibu Inspekta. "Lakini huenda wote wanadanganya. Wewe mtu wa vipimo, tupime. Pitisha gari."

Mtaalamu akatazama gari, akatazama nguzo. Hata mtoto mwenye mpira aliona kwamba hata ubavu mmoja wa gari lile usingepita.

"Halipiti," alisema taratibu.

"Kinasa kilipita mara tano. Tena kilipita barabara kuu saa ya foleni bila kusimama. Kikasimama siku moja tu, Alhamisi, dakika ishirini na mbili chini ya daraja, mvua ikinyesha. Gari gani linaogopa mvua?"

Watu wakaanza kunong'ona. Mtaalamu akasema, "Kinasa ni cha Mpimaji. Na Mpimaji ana pikipiki."

"Anayo. Ila wiki nzima alikuwa wodi ya wazazi, na wauguzi wamemtambua kwa sababu alikuwa anasinzia kwenye njia yao. Helmeti juu ya kabati lenu ni mbili. Nyeusi ni ya nani?"

Mtaalamu akarudi hatua moja, mgongo ukagusa gari.

"Sasa mimi nikajiuliza, mbona mtu mwenye gari la kazi, lina mafuta, apime kwa pikipiki? Ni kwa sababu gari halikuwepo. Lilikuwa wapi? Lilikuwa linabeba kuku. Nimepiga chafya tatu ndani yake, na pua yangu haijawahi kusema uongo mbele ya manyoya. Kisha ukapigiwa simu ukweni, ukauliza wamekufa wangapi, ukasema wawili tu afadhali. Mimi nikakupa pole ya msiba! Kijana, walikuwa kuku."

Mtaa ukaangua kicheko. Hata Mkuu aliuma mdomo. Mtaalamu peke yake hakucheka, mabega yalimshuka.

"Gari la baba mkwe liliharibika," alisema. "Ana kuku wa kupeleka sokoni kila jioni. Posa yangu haijajibiwa. Akaniambia, mwanangu, si una gari kazini? Nikamwambia ni la kampuni. Akanyamaza. Afande, ungekisikia kile kimya! Mkwe utamkatalia vipi? Na kilimani nilikuwa nimeahidi Jumatatu, jina langu liko kwenye ahadi. Nikafunga kinasa kwenye pikipiki. Nikasema njia ni ile ile."

"Hapo umetuambia kwa nini ulikosea," alisema Inspekta, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Alhamisi Mkuu alipokupigia, gari la wagonjwa limekwama, ungeweza kusema. Mbona ulimwambia gari lenu linapita? Mbona ulimwacha mwenzako aitwe mwongo siku nne?"

Breki akatoka ukutani. Alikuja hadi mbele ya kijana yule, na Konstebo akasogea, tayari kuwaamua. Lakini Breki hakunyanyua mkono.

"Ulipopita kati ya hizi nguzo," aliuliza, "hukuniona mimi nyuma yako? Hukuona kwamba iko siku kutakuja gari?"

"Niliona," alisema Mtaalamu. Alikuwa analia. "Nilisema nitarekebisha wiki ijayo, gari likirudi."

"Mgonjwa wangu hakuwa na wiki ijayo."

Konstebo akamshika Mtaalamu mkono, kwa upole, akamwongoza kwenye gari la polisi, kujibu shitaka la kutoa taarifa ya uongo. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee wa lugha hii, na ya huyu ilikuwa na upana wa pikipiki. Wakazi nao waliandikiwa onyo, na Inspekta akawapa jina la ofisi ya kuombea kibali.

Mkuu wa Huduma za Dharura alikuwa bado na mikono nyuma. Alipoitoa mbele, kulikuwa na funguo za gari.

"Niliiamini skrini kuliko mtu ninayemfahamu," alisema. "Nimekukosea, ndugu yangu. Nisamehe."

Breki alizipokea kwa mikono miwili, akalia waziwazi mbele ya watu wote, mwanamume mzima. Mwenye duka akampelekea kitambaa chenye unga, akajifuta nacho, uso ukawa mweupe.

"Shemeji, lia haraka," alisema muuguzi, naye akilia na kucheka pamoja. "Kesho tuko zamu ya asubuhi."

Jumatatu saa tatu chumba cha kikao kilikuwa kitupu. Kampuni ya ramani ilikuwa imeufuta mtaa wa mikate katika njia za jioni, na Mpimaji alikuwa ameshatoka na gari kupima kilimani upya, safari hii kwa magurudumu manne. Katika chumba cha simu Mkuu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye redio. Mama mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu ng'ambo ya mji, na skrini ilisema dakika kumi na nne.

Mkuu akaitazama skrini, kisha akaiacha. Akabonyeza redio. "Breki, uko wapi?"

Sauti ya Breki ikaja, nyuma yake kuna watu wanashangilia na kitu kidogo kinalia kwa nguvu.

"Tumeshafika, Mkuu. Sasa tuko watu wanne kwenye gari."